Ute wa Mabombani

Jumatatu, 3 Juni

Leo mitambo imewashwa. King'ora kimelia mara tatu, moshi ukapanda, na kiwanda kizima kikaanza kutetemeka kama mgonjwa wa homa. Msimu wa kusaga miwa umeanza, na mpaka mwishoni mwa Oktoba hatutajua kimya ni nini. Daftari la maabara ninalo, lakini lile ni la namba tu: utamu, joto, uchafu. Hili nimelinunua kwa ajili ya mambo yasiyo na safu ya kuandikiwa.

Tuna meneja mpya wa uzalishaji. Amekaa nasi wiki mbili tu na tayari wafanyakazi wamembatiza Bwana Dakika, kwa sababu hawezi kumaliza sentensi bila kuangalia saa ya mkononi. Asubuhi ametukusanya uwanjani akatangaza kwamba ule usafi wa kila wiki, ambao zamani ulisimamisha mitambo kwa masaa manane, sasa utachukua masaa matatu.

"Kuna dawa mpya," akasema. "Mimina, subiri nusu saa, suuza, washa. Basi."

Shangazi akanyoosha mkono. Si shangazi wa mtu yeyote hapa, ila kila mtu anamwita hivyo. Ni msimamizi wa wasafishaji, miaka ishirini na miwili ya kuingia ndani ya matangi na mifereji akiwa na brashi ya chuma.

"Na brashi je?"

"Brashi zipumzike, mama. Na ninyi mpumzike."

Watu wakacheka. Shangazi hakucheka. Alikaza kitambaa chake cha kichwa akaangalia mabomba.

4 Juni

Utamu mzuri. Miguu inauma. Dada kapika maharage hayakuiva.

12 Juni

Rasharasha tangu alfajiri. Malori ya miwa yamekwama kwenye tope, miwa iliyokatwa juzi bado iko shambani.

20 Juni, Alhamisi

Nimepata kitu! Fundi mitambo aliniita chini ya mashine ya kusagia, kwenye chujio la pili. Akaingiza mkono, akautoa umeshika donge kubwa kama ngumi mbili, linang'aa, linatetemeka, mfano wa mayai ya chura.

"Hili nalo ni nini, mama maabara? Limeziba chujio zima."

Nililipokea kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Nilikuwa nimelisoma vitabuni, na misimu iliyopita nimeona alama zake hapa na pale, utelezi kidogo tu kwenye kuta za mfereji, lakini donge zima sijapata kuliona. Ni kazi ya bakteria. Sukari ya muwa ina vipande viwili vilivyoshikana. Bakteria huyu anavivunja, kimoja anakila, kingine anakiunganisha na vingine, kimoja kimoja, maelfu kwa maelfu, mpaka unapatikana uzi mrefu wa sukari isiyo na utamu hata chembe. Kitaalamu huitwa polisakaridi. Sisi tunaita ute. Yaani kila donge kama lile ni sukari yetu iliyogeuzwa kitu kingine kabla hatujaiona.

Jioni nilikuja na kipande ndani ya kikopo, nikamwonyesha dada. Dada ni mwalimu mstaafu, tunaishi wawili tangu mumewe afariki.

"Umeniletea kamasi za nani mezani?" akauliza.

"Za bakteria."

"Bakteria hana pua. Toa."

22 Juni

Nimewafuga. Chupa ya maji ya miwa yaliyochemshwa, tone moja la ute ndani, joto la kawaida. Leo maji yamekuwa mazito kama ute wa yai. Nikachukua kidogo, nikamiminia spiriti: ukungu mweupe ukajitokeza papo hapo, kisha nyuzi, kama pamba inayosokotwa na mtu asiyeonekana. Nimerudia mara tano. Mara tatu za mwisho hazikuwa na sababu, nilitaka kuona tu.

1 Julai

Mvua. Miwa imechelewa siku mbili. Ukungu kwenye kipimo changu cha spiriti umepanda.

5 Julai, Ijumaa

Sasa si mchezo. Chembe za sukari zimebadilika umbo. Badala ya vijiwe vyenye pembe, nimeona vijiti virefu vyembamba, kama sindano. Ute ukizidi kwenye shira, chembe hukua upande mmoja tu. Mashine za kuzungusha zinashindwa kuzikausha, shira inachelewa kuchemka, na mlango kwa mlango watu wanaulizana nani kakosea. Wapishi wa shira wanawalaumu wakulima kwa miwa mibovu. Wakulima wanailaumu mvua. Mvua haina mtu wa kumlaumu.

9 Julai

Bwana Dakika kaniita ofisini. Macho mekundu.

"Kila wiki tunatia dawa, na kila baada ya siku tatu ute umerudi. Nataka kujua jambo moja. Dawa inafanya kazi au haifanyi?"

"Naweza kupima."

"Lini?"

"Keshokutwa utakuwa na jibu."

Aliangalia saa, kana kwamba keshokutwa ingeonekana pale.

11 Julai, Alhamisi

Jana nilichukua chupa tatu za bakteria wangu, nikatia dawa kwa kipimo kilekile kilichoandikwa kwenye maagizo. Baada ya dakika kumi nilichukua tone kutoka kila chupa nikapaka kwenye visahani vya kuoteshea bakteria. Leo visahani ni vitupu. Safi. Hakuna hata doa moja. Chupa ya nne, niliyoiacha bila dawa, kisahani chake kimejaa pomoni.

Nimeandika ripoti ya ukurasa mmoja. Naipenda ripoti fupi. Nimemaliza hivi: "Dawa inaua bakteria wote ndani ya dakika kumi. Kama ingetiwa kwa kipimo kilichoagizwa, ute usingerudi."

15 Julai, Jumatatu

Kwenye ubao wa matangazo, karibu na lango, kumebandikwa barua. Shangazi amesimamishwa kazi mpaka uchunguzi ukamilike. Na katikati ya barua, ndani ya alama za kunukuu, sentensi yangu. Neno kwa neno.

Saa nne hivi alikuja maabara. Alisimama mlangoni na mabuti yake, maana wasafishaji hawaruhusiwi kuingia na mabuti, na hakuyavua.

"Mwanangu, hii sentensi ni yako?"

"Ni yangu, Shangazi. Lakini sikukutaja jina."

"Dawa inatiwa na nani?"

"Na... ninyi."

"Ufunguo wa stoo ya dawa anao nani?"

"Wewe."

"Basi umenitaja."

Akaendelea, bila kupaza sauti:

"Dawa nimetia. Kopo kwa kopo nimetia, nikihesabu kwa mdomo ili wenzangu wasikie. Lakini ule ute usipoukwangua, dawa inapita juu yake kama maji juu ya koti la mvua. Nilimwambia meneja. Akanijibu maabara itasema."

"Kipimo kilionyesha wanakufa wote."

"Kipimo chako kiliingia ndani ya bomba?"

Akageuka akaondoka. Nyayo za tope zilibaki mlangoni mpaka jioni. Ningeweza kuzipangusa, sikuzipangusa.

16 Julai

Dada ameuliza mbona sili. Nimemwambia nina kazi nyingi.

18 Julai

Wanasema Shangazi alikuwa anauza dawa mtaani. Jana walisema "huenda." Leo hakuna tena aliyesema "huenda."

22 Julai

Usafi wa wiki. Bwana Dakika mwenyewe kasimama juu ya tangi, kapima dawa kwa mkono wake, kahesabu nusu saa kwa saa yake. Nilikuwepo. Hakupunguza hata tone.

25 Julai, Alhamisi

Ute umerudi. Chujio la pili, na mfereji wote wa chini. Siku tatu, kama zamani.

Nilikwenda kumwambia. Alikuwa ameshajua. "Labda dawa imechakaa stoo," akasema. Nikaichukua dawa ya kopo lilelile, nikawatilia bakteria wa chupani. Dakika kumi. Wote wakafa.

Kwa hiyo dawa ni nzima, kipimo ni sahihi, mtiaji ni meneja, na ute umerudi. Mojawapo ya mambo ninayoyaamini si kweli. Nimekaa na kalamu tangu nimalize kula na sijui ni lipi.

29 Julai

Joto, mvua haijanyesha. Sindano za sukari zimezidi. Sijui.

3 Agosti, Jumamosi

Niandike hili polepole, maana nina furaha na najua si haki niwe nayo.

Dada ana meno ya bandia ya juu. Kila jioni huyatumbukiza kwenye glasi ya maji na kidonge kinachotoa povu. Leo asubuhi nilikuwa naosha vyombo, nikaiinua glasi ili niisogeze. Maji yalikuwa maangavu kama ya chemchemi. Nikayatoa meno niyasuuze, yakaniponyoka. Yanateleza! Nikapitisha kidole kwa ndani, pale yanapokaa kwenye ufizi: utando mwembamba, laini, umeng'ang'ania.

"Dada, meno yako huyapigi mswaki?"

"Ya nini? Kidonge kimeandikwa kinaua vijidudu vyote."

"Wa kwenye maji, ndiyo..."

Nilisimama jikoni nimeshika meno ya dada yangu, sijui kwa muda gani.

"Nirudishie meno yangu," akasema, maneno yakimtoka kwa upepo. "Unayatazama utafikiri unataka kuyaposa."

Nikamwomba niyaazime nusu saa. Akasema katika miaka thelathini na minne ya kufundisha ameombwa chaki, ameombwa ruhusa, ameombwa msamaha, meno hajawahi. Lakini akanipa. Nikakimbia maabara nayo ndani ya kikombe, na maji yake ndani ya chupa. Kisahani kimoja nikapaka maji ya glasi. Kingine nikapaka ule utando nilioukwangua.

4 Agosti

Maji: kisahani kitupu. Utando: kimejaa.

Mimi niliwapima wanaoogelea. Mabombani hawaogelei. Wameshika chuma.

5 Agosti, Jumatatu

Nimemwomba fundi mitambo anikatie vibati kumi na viwili vya chuma kilekile cha mabomba, ukubwa wa kiberiti. Aliuliza vya nini.

"Nataka kuwajengea bakteria nyumba."

"Na sisi tunaopanga?" akasema, lakini alivikata, akavilainisha kingo nisijikate.

Nimevifunga uzi, nikavining'iniza ndani ya chupa za maji ya miwa yenye bakteria. Kila siku nitabadilisha maji, chuma kibaki palepale.

7 Agosti

Vibati vinaanza kuteleza.

9 Agosti

Vimevaa koti. Ukiviinua, ute unaning'inia, haudondoki.

10 Agosti

Kuna jambo la pembeni lililoniweka mezani siku nzima. Nilichukua ute wa kwenye maji na ute wa kwenye chuma, kutoka chupa ileile. Nikaugandisha kwa spiriti, nikaukausha, nikaupima. Ute wa majini ni nyuzi nyepesi, ukiurudisha kwenye maji unayeyuka. Ute wa chumani ni mgumu, unakuwa vidonge, hauyeyuki wote. Halafu nikahesabu bakteria: kwa idadi ileile, wale wa kwenye chuma wametengeneza karibu mara nne zaidi. Ni bakteria walewale! Mama mmoja, chakula kimoja. Akiwa majini anaishi kama msafiri, anatupa takataka zake njiani. Akishika mahali, anajenga.

Nani anamwambia kwamba sasa ameshika? Ana mkono? Ana ngozi inayohisi chuma? Sijui. Nimetamani kujua kiasi kwamba nilisahau kula, na nilipokumbuka kula nikamkumbuka Shangazi, anakaa nyumbani wiki ya nne kwa sababu yangu. Kilichonitia aibu si kwamba nilikosea, maana kila anayepima hukosea. Ni kwamba kwa masaa mengi leo nilikuwa na raha.

13 Agosti, Jumanne

Majibu. Nimetia dawa kwa kipimo kilekile cha maagizo.

Maji ya chupa, dakika kumi: wamekufa wote, kama mwanzo.

Vibati vinne vyenye ute, dakika kumi: juu ute umepauka, ndani wamo hai, maelfu.

Vibati vinne vyenye ute, nusu saa: ndani wamo hai, pungufu kidogo.

Vibati vinne vilivyokwanguliwa kwa brashi kwanza, kisha dawa, dakika kumi: hakuna kitu.

Niliketi nikaangalia visahani vile. Shangazi aliniambia haya yote kwa sentensi moja, amesimama mlangoni, na mimi nikamjibu kwa kipimo.

14 Agosti, Jumatano

Nimempelekea Bwana Dakika ripoti mpya. Aliisoma mara mbili. Mara ya pili hakuangalia saa.

"Unasema mimi nilikosea kukata masaa ya usafi."

"Nasema mimi nilikosea. Niliwapima wa majini nikaandika habari za mabomba. Shangazi alitia dawa, na kwangu ushahidi upo."

"Msimu umebaki wiki kumi. Nikisimamisha mitambo masaa manane kila wiki, wakubwa wataniuliza kwa nini sikufanya hivyo tangu Juni." Akaikunja ripoti. "Tuiweke. Mwisho wa msimu tutalitazama vizuri."

"Na Shangazi?"

"Mwisho wa msimu."

Nilitaka kumchukia, ingekuwa rahisi. Lakini nilipoinuka niliona mabuti ya mpira chini ya meza yake, bado mabichi, na mikono yake imebabuka kwa dawa. Amekuwa akiingia kwenye machujio mwenyewe, akimwaga dawa, akingoja, akiamini. Anaogopa. Hilo sikuwa nimeliona kwa sababu nilikuwa nikiitazama saa yake.

15 Agosti

Mvua kubwa. Nimenyamaza siku nzima.

16 Agosti

Na leo pia.

18 Agosti, Jumapili

Nilimwambia dada yote, mezani. Alinisikiliza kama anayesahihisha insha.

"Sasa umekuja kwangu kutafuta nini? Alama?"

"Ushauri."

"Kosa lako si dogo na si kubwa, ni lako. Nenda kwa mwenyewe."

Nikaenda. Nyumba ya Shangazi iko nyuma ya soko, vyumba viwili na kibaraza kilichopakwa chokaa. Alikuwa anachambua mchele. Mumewe, seremala, aliniona akaingia ndani bila salamu.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba." Hakunionyesha kiti. Nikachutama.

Nikamweleza vibati, maji, chuma, brashi. Nilimwambia alikuwa sahihi neno kwa neno. Nikamwomba radhi. Ilinitoka vibaya, kwa vipande, na mwisho nikabaki nachezea punje za mchele zilizodondoka.

Aliendelea kuchambua mpaka sinia likaisha.

"Unajua kikundi chetu cha akina mama," akasema, "ufunguo wa ukumbi nilikuwa nao mimi. Miaka tisa. Wiki jana walikuja watatu wakauchukua. Hawakusema kwa nini. Walisema, 'Pumzika, dada yetu.'"

"Shangazi, nisamehe."

"Nakusikia. Lakini uliniandika langoni, wakasoma watu mia mbili. Leo umekuja kunifuta kibarazani kwangu, kasikia nani? Kuku?"

Na kweli palikuwa na kuku mmoja tu, akitungojea mchele.

19 Agosti, Jumatatu

Kila Jumatatu saa moja zamu mbili hukutana uwanjani, moja inatoka, nyingine inaingia. Bwana Dakika alipomaliza kusoma ratiba, nikanyoosha mkono. Sijapata kuzungumza pale, maabara hatuongei, tunapeleka karatasi. Nilikuwa nimebeba sinia lenye vibati viwili chini ya kitambaa cheupe, nikaonekana kama mhudumu wa hoteli.

"Nina la kusema kuhusu barua ya tarehe kumi na tano Julai," nikasema. Sauti ilikuwa ndogo. Mtu akaita kutoka nyuma, "Pandisha!" Nikapandisha.

"Ile sentensi iliyonukuliwa ni yangu. Si kweli. Nilijaribu dawa kwa bakteria wa kwenye maji, nikaandika kana kwamba nimeijaribu kwenye bomba. Hiki cha kushoto kilikuwa na ute, kikatiwa dawa nusu saa, kipimo kamili. Hiki cha kulia kilipigwa brashi kwanza, kikatiwa dawa hiyohiyo. Njooni mguse."

Hakuna aliyesogea. Kisha fundi mitambo akatoka mstarini, akagusa cha kushoto.

"Kinateleza," akasema. Akakibana kwa vidole viwili, kikamponyoka, watu wakacheka. Akagusa cha kulia. "Hiki kikavu."

Wakaja wengine. Mpimaji wa mizani, wapishi wa shira, madereva. Kila mmoja aligusa, akafuta kidole kwenye suruali. Wasafishaji walikuja mwisho, kumi na mmoja, na mmoja wao, mama mfupi ambaye hupita kila siku bila kuniangalia, akasema kwa sauti, "Tulisema sisi. Tulisema tangu Juni."

"Mlisema," nikajibu. "Shangazi alitia dawa, kopo kwa kopo. Hakuuza, hakupunguza. Aliyepunguza ni mimi, nilipunguza ukweli nikaandika nusu yake. Naomba radhi yake mbele yenu, na naomba kila aliyesikia lile la mtaani apeleke na hili."

Mitambo ilinguruma nyuma yetu. Wote wakamgeukia Bwana Dakika. Alikuwa amekaza midomo. Akaja, akachukua kibati cha kushoto, akakigeuza juani, akakaa nacho muda mrefu kuliko mtu yeyote.

"Keshokutwa tunasimamisha," akasema mwishowe. "Masaa manane. Toeni brashi."

Akaondoka na kibati changu mfukoni. Sikumdai.

20 Agosti

Dada amesema neno ni "saa nane", si "masaa manane", na kwamba meneja mzima hapaswi kukosea. Nikamwambia watu wakiambiwa saa nane watakuja mchana. Amekwenda kutafuta kamusi.

21 Agosti, Jumatano

Tumekwangua. Nimeingia pia, nimeazima mabuti. Ndani ya mfereji wa chini ute ulikuwa unene wa kiganja. Nje umepauka, umekufa, ila ukiuchana ndani ni mweupe, unang'aa, hai. Tumejaza ndoo sitini na tatu. Kisha dawa.

24 Agosti

Siku ya tatu. Chujio la pili kavu. Nimekwenda kuligusa mara nne.

26 Agosti, Jumatatu

Barua mpya ipo langoni, palepale. Bwana Dakika kaiandika mwenyewe, na akaisoma uwanjani: kwamba Shangazi hana kosa, kwamba amri ya kuacha brashi ilikuwa yake yeye meneja. Alisoma haraka, kama kawaida yake, lakini hakuruka neno.

Shangazi alisimama mbele, mikono nyuma. Barua ilipokwisha alisema "Nimesikia," akaenda stoo ya brashi. Alipita karibu nami. Hakunisalimu.

2 Septemba

Chembe za sukari zimeanza kurudia umbo lake. Hazijakaa sawa bado.

6 Septemba

Nimemsalimia Shangazi. Ameitikia kwa kichwa.

13 Septemba

Chembe nzuri, pembe zote. Ukungu kwenye kipimo: karibu hakuna. Nilidhani nitashangilia.

20 Septemba, Ijumaa

Shangazi kaniita kwenye mfereji. Sauti kali, nikaja mbio. Alinyoosha kidole kwenye bomba fupi lililozibwa mwisho, la mtambo ulioondolewa zamani.

"Hapa hapaingii brashi. Sisi tunapaita kaburi. Kila mara ute unaanzia hapa. Pima."

Nikapima. Ute, umeshindiliwa kama sufi ndani ya mto. Nikaandika ripoti na kabla ya kuipeleka nikamsomea yote, mstari kwa mstari. Alinisimamisha mara moja.

"Hapo umesema 'inaonekana'. Haionekani. Ipo."

Nikafuta "inaonekana".

23 Septemba

Fundi amelikata kaburi, kaziba.

4 Oktoba

Nimesikia kutoka kwa mama mfupi kwamba akina mama walimrudishia Shangazi ufunguo wa ukumbi. Kaukataa. Kasema sasa achukue mwingine, yeye amepumzika.

11 Oktoba

Jua kali. Miwa ya mwisho inakatwa upande wa mlima.

26 Oktoba, Jumamosi

Mitambo imezimwa saa tatu asubuhi. Masikio yanauma kwa kimya. Watu wanapeana mikono kama wametoka safari.

Nilikuwa nafunga maabara, nikasikia hodi. Shangazi. Alikuwa amevua mabuti, ameyapanga nje, yuko na soksi.

"Nimekuja kuwaona," akasema.

"Akina nani, Shangazi?"

"Wale. Miaka ishirini na miwili nawapiga, sura zao sizijui."

Nilikuwa na kibati kimoja bado kwenye chupa, cha udadisi tu. Nikachukua ute kidogo, nikaupaka rangi, nikauweka chini ya hadubini, nikamwonyesha pa kuweka jicho na pa kuzungusha. Kwanza aliona kope zake mwenyewe, akanilaumu. Kisha akatulia. Mkono wake mnene, uliopasuka kwa dawa, ulikuwa unazungusha kile kigurudumu taratibu, kama anayetafuta mahali pa kufungulia mlango.

"Wamejipanga," akasema. "Kama shanga."

"Ndiyo. Na ule weupe unaowazunguka ndio ute."

"Kumbe ni wadogo hivi!" Akacheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu Juni, cheko la kutoka tumboni. "Na mimi nilikuwa nawaendea kama naua chatu!"

Akarudisha jicho. Dakika zikapita. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa:

"Mwanangu, hawa, yule wa kwanza kabisa akishika chuma, wenzake wanajuaje waje pale alipo?"

"Sijui, Shangazi."

"Hujui, au hujapima?"

"Sijapima."

Akavuta kiti, akaketi.

"Basi lete kibati kisafi," akasema.